Kawa Isiyo na Mwenyewe

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa ya nani, hafifu kama uji wa mgonjwa? Nimekuona wewe uliyekunja mdomo. Unajiuliza tangu lini mnyama akashona kawa. Haya, nani alimfundisha mnana kusuka kiota, na wewe kifungo cha shati lako kinakushinda? Kama hutaki kusadiki, kaa kimya wenzio wasikie. Ukitaka kusadiki, kaa kimya vilevile.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wakikaa mtaa mmoja na kuazimana kinu na mchi, palikuwa na kijiji kikiitwa Mkindu Mmoja. Humo alikaa Bi Nungu, nungunungu mjane, ulimi wake mkali kuliko miiba yake. Kazi yake ilikuwa kushona kawa, zile za ukindu za kufunikia chakula. Zilikuwa kawa nzuri tu. Zilifunika. Nzi hakupita.

Lakini jirani yake alikuwa Bi Kanga, yule ndege wa madoadoa. Na kawa za Bi Kanga zilifuatwa kutoka mbali. Arusi haikuwa arusi bila kawa ya Kanga. Hata mgonjwa aliyekata kauli, uji wake ulifunikwa kwa kawa ya Kanga.

Bi Nungu aliyaona hayo yote. Akipita mlangoni kwa Kanga anasimama, anajifanya anafunga nguo vizuri, kumbe anatazama mshono. Akirudi anatazama tena. Ikawa anaujua mkono wa Kanga kuliko Kanga mwenyewe. Hakuna anayekutazama vizuri kama anayekuonea wivu.

Na Kanga naye msimdhani malaika. Alikuwa na tabia ya kusifu. Anaishika kazi yako, anainamisha shingo upande, anasema, "Nzuri, shoga. Unaendelea." Unaendelea! Mtu umeshona mpaka umeota mvi, unaambiwa unaendelea.

Basi asubuhi moja Bi Kanga hakutoka kufagia uwanja. Majirani wakagonga, ngo, ngo, ngo. Wakasukuma mlango. Wakamkuta chali, miguu juu, povu mdomoni. Kando yake bakuli la udongo, na kando ya bakuli kawa mpya.

Wa kwanza kutazamwa alikuwa Bwana Kicheche, kwa ajili ya mambo yake ya zamani na kuku. Kicheche hakubabaika. Akasema, "Ningekuwa mimi, leo mngezika nini?"

Wakafikiri, wakaona kweli. Macho yote yakahama, yakatua kwa Bi Nungu. Wakakumbuka siku ya arusi ya binti Jumbe, alivyosema mbele ya wapishi wote kwamba kawa za Kanga na zimfunike mwenyewe. Alisema. Wala hakukana.

Jumbe Ngiri, mkuu wa kijiji, alikuwa na meno marefu na maneno marefu zaidi. Akazungumza mpaka kivuli kikahama. Kiini chake kilikuwa hiki: siku ya kuanua matanga ikifika na muuaji mwingine hajapatikana, Bi Nungu atoke kijijini na shimo lake lifukiwe. Shimo lile lilichimbwa na mama yake kwa kucha zake mwenyewe. Humo Bi Nungu alizaliwa, humo mama yake alifia. Bi Nungu akasikia, akaenda matangani kama wenziwe. Kutokwenda kungekuwa kukiri.

Huko majirani wakaleta chakula, kama ilivyo ada. Sufuria hii, sinia lile, bakuli lile. Bi Ngedere, jirani aliyeshona naye kawa mbili tatu, alilia kuliko ndugu wa marehemu. Alilia mpaka mkia ukalowa. Bi Nungu hakuna aliyetaka kula kilichopita mikononi mwake, kwa hiyo wakamwachia kuosha vyombo.

Akaosha, akaosha, akafika kwenye bakuli lililokutwa kando ya maiti. Hakuna aliyeligusa tangu siku ile, kwa uchuro. Bi Nungu akaliinamia. Sisimizi wamelizunguka, wote wamekufa. Akanusa. Mhogo mchungu, umeungwa kwa tui. Sasa mhogo mchungu kila mtoto wa Mkindu Mmoja anajua haupikwi hivi hivi. Unalowekwa, unaanikwa, unatwangwa. Huo haukuwa umelowekwa hata kidogo, na tui limewekwa zito kufunika ladha. Mtu hakosei namna hiyo.

Akatafuta mwenye bakuli. Lakini mabakuli ya kijiji kizima yalitoka kwa mfinyanzi mmoja, yote uso mmoja.

Akaichukua kawa.

Ilikuwa nzuri. Nyekundu inaingia kwenye zambarau, ukili, ule utepe wa ukindu uliosukwa, mwembamba kama utambi, ukingo umekaa kama umechorwa. Watu wote walikwisha kusema kwamba ndiyo kazi ya mwisho ya marehemu, na ndiyo bora ya zote. Bi Nungu akaigeuza ndani. Mkono wa Kanga alikuwa anaujua: uzi wake ukiisha hupenya chini ya ukili ukapotea. Hapa uzi uliishia kwa kifundo kidogo, kidogo kama jicho la siafu. Si Kanga huyu.

Akakaa kitako. Kuna mtu pale kijijini aliyemshinda Kanga, na amenyamaza. Anyamaze kwa nini? Bi Nungu akajiuliza, mimi ningeshona hii, ningeweza kunyamaza? Akajijibu kwamba asingeweza hata kwa kisu shingoni. Basi akarudisha bakuli chini ya kawa na sisimizi wake wafu, hakuliosha, hakumwambia mtu.

Siku ya kuanua matanga ikafika. Ada yao ilikuwa kutandika mkeka ukumbini kwa marehemu, vyombo vyote vikapangwa, kila mwenye chombo akachukua chake na kitu kidogo ndani, maana chombo cha jirani hakirudi kitupu. Jumbe akachukua sinia lake. Kicheche akachukua kikaango chake. Bi Ngedere akachukua sufuria yake, huku anajifuta machozi. Mkeka ukabaki na bakuli moja na kawa moja.

Bi Nungu akauliza mwenye kawa ni nani. Akauliza tena. Hakuna aliyeidai.

"Basi ni ya marehemu," akasema.

Akaanza kusifu. Jamani, alisifu! Alisema mikono ya Kanga haitazaliwa tena. Alisema ukingo kama ule hajapata kuuona. Miiba ikamsimama mgongoni, cha-cha-cha, kwa wivu wake wa kweli kabisa, maana kumsifu Kanga hata akiwa maiti kulikuwa taabu. Lakini alisifu. Wengine wakadakia. Jumbe akatangaza kwamba kawa ile itundikwe barazani, iitwe Kawa ya Kanga, na kila mwari apelekwe kuitazama kabla ya kuolewa.

Bi Ngedere akaacha kulia. Mkia wake ukaanza kupiga mkeka. Pa. Pa. Pa.

Bi Nungu akautazama mkia. Akaongeza, "Na tuseme kweli, jamani. Sisi wengine wote tuliokuwa tukishona hapa, tulikuwa tunaendelea tu."

Pa!

"Hiyo si yake," Bi Ngedere akasema.

Watu wakageuka.

"Kanga hakuwahi kushona ukingo huo. Hakuuweza."

"Nani basi aliuweza?" Bi Nungu akauliza, sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi.

Bi Ngedere angeweza kunyamaza pale. Nafasi ilikuwepo. Mdomo ukafumba, ukafumbuka.

"Mimi. Yangu hiyo. Ukili wote nimesuka mimi, rangi nimechemsha mimi."

"Mwanangu, kama yako, mbona hukuichukua?" Bi Nungu akaifunua kawa, akalisukuma bakuli katikati ya mkeka. "Chukua basi na bakuli lako. Si tupu."

Wakaona sisimizi. Wakasikia harufu ya mhogo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Jumbe akataka kuanza hotuba, Bi Nungu akamkata. Alikuwa na swali moja, na alilitaka kwa nafsi yake. "Ulimpelekea sumu. Kawa nzuri hivi ya nini? Si ungefunika kwa jani la mgomba?"

"Nilitaka aione," Bi Ngedere akasema. "Mara moja tu aione, ajue. Kisha ale."

"Akasema nini?"

"Aliishika. Akainamisha shingo." Ngedere akatazama chini. "Akasema, nzuri, shoga. Naona umejifunza kwangu."

Miiba ya Bi Nungu ikalala, mmoja mmoja. Hakucheka. Hata Kicheche hakucheka.

Bi Ngedere akafukuzwa siku hiyo hiyo. Akapanda mti wa kwanza alioufikia, na mpaka leo ngedere hana nyumba. Ukisahau nje kitu kilichosukwa, anakichukua, anakifumua unyuzi kwa unyuzi.

Na Bi Nungu? Shimo lake likaachwa. Msamaha hakuombwa, wangeanzia wapi? Jumbe akakohoa, akaona aseme neno la kumfurahisha. Akasema, "Bi Nungu, umefanya vizuri sana. Ingawa marehemu Kanga, kwa akili zile, angekwisha kumjua tangu siku ya kwanza."

Wote wakaitikia kwamba kweli, angemjua.

Mafunzo ni haya, na msinifanye niyarudie: wivu kila mtu anao, ila usiuingize jikoni. Tena mwenye wivu huweza kuficha kosa lake, sifa yake hawezi kuificha. Na hadithi yangu haina pa kwenda kupita hapo, kwa sababu Bi Nungu kainuka, katoka nje, na mlango kaufunga.