Uso wa Drusi Kwenye Dhahabu

Hapo zamani, mbali huko Rumi, watu walipoamini kwamba kila mto una mungu wake, aliishi mjane aitwaye Marsia. Mumewe, Drusi, alikuwa mvushaji wa watu mtoni. Mwaka wa mafuriko alijitosa mtoni kumwokoa mtu asiyemjua. Mtu akaokoka. Drusi akaenda na maji, hata maiti yake haikuonekana.

Miaka sita Marsia alimlilia. Lakini kilichomuuma kupita kifo chenyewe ni kwamba uso wa mumewe ulikuwa unamponyoka. Sauti aliikumbuka, mikono aliikumbuka, uso ukakataa kuja. Alijiona mke asiyefaa.

Siku moja akabisha hodi Kaso, yule aliyeokolewa. Kumbe alikuwa mchongaji wa mihuri ya kupigia sarafu. Kaisari alimwagiza achonge mungu wa mto kwenye sarafu za dhahabu, naye akampa mungu huyo sura ya Drusi: kajinyoosha ukingoni, kaegemea mtungi unaomwaga maji, kashika tete la mtoni. Wakubwa hawana dogo! Kaisari alipoambiwa mungu wake ana sura ya mvushaji, aliamuru sarafu zote ziyeyushwe, na Kaso akafukuzwa kazi. Aliwahi kuficha moja tu, ndiyo aliyokuja nayo.

Marsia aliitazama, akaangua kilio. "Ndiye! Ndiye mume wangu!"

Fausta, mama mkwe wake asiyeona, akaipapasa kwa kidole. "Pua ya mwanangu hii. Nipeni niitupe mtoni. Maiti asiye na sarafu ya nauli havuki mto wa wafu kwenda kupumzika, mnajua. Nimetupa nyingine, mto hauzijui ni za nani. Hii ina uso wake, itamfikia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

"Mama, nihurumie," alisema Marsia. "Ikizama hii, nimempoteza mara ya pili. Nina hamu naye hata chakula hakipiti."

Kaso naye akapiga magoti. "Shemeji, nilikuja kuwaonyesha, si kuwaachia. Kila nikifumba macho namwona anazama. Nikiishika hii tu, namwona kapumzika."

Basi Fausta kanyoosha mkono, Kaso kanyoosha mkono, na Marsia kaing'ang'ania sarafu kifuani, machozi yanamtoka.

Haya, msininyamazie. Aliyewahi kufiwa na aanze kusema. Je, nani alistahili kupewa sarafu ile?