Mpini wa Mhina

Mpini hausifiwi ukutani. Mmeusikia msemo huu, mkauliza nani aliutunga. Hakuna aliyekaa akautunga. Ulizuka siku ya posa, na nusura utoe roho ya mtu. Kaeni, mwanzo wake ni huu.

Upande wa Handeni palikuwa na mchonga vinu akiitwa Semkiwa. Wachongaji wa kule walikuwa na desturi: fundi haazimi mpini. Kiganja ni chako, mpini ujichongee. Kijana Mhina alipotaka kumwoa Mwanjaa, binti wa Semkiwa, mzee akamjibu kupitia kwa mshenga, "Aje na tezo aliyoitia mpini kwa mkono wake, achonge kinu mbele yangu. Akishindwa, maneno ya posa yaishe."

Mhina alimpenda Mwanjaa hata chakula hakimpiti kooni. Akachonga mpini wa mninga, akautia nakshi za ngozi ya chatu, akaupaka nta ya nyuki hadi nzi akitua anateleza. Tezo ikatundikwa ukutani kiangazi kizima. Wageni wakija anaishusha, wanaisifu, anairudisha. Na mikono wafute kwanza.

"Mhina," shangazi yake alimwuliza, "mpini huu utaununulia shuka lini?"

"Shangazi, huu ndio utakaoniletea mke."

Sasa, mti ukikauka hunywea, na chuma hulegea tunduni. Ndiyo maana usiku wa kuamkia kazi, mchongaji huloweka tezo kwenye ndoo, mti uvimbe, ukibane chuma. Mhina alilijua hilo. Jioni ya kuamkia siku ya kuchonga kinu alisimama mbele ya ndoo, akaitazama nta yake, moyo ukakataa. Akaiviringisha tezo katika kanga, akalala.

Asubuhi uwanja wa Semkiwa ulijaa watu. Gogo likalazwa. Tezo ilipofunuliwa, watu wakaguna kwa kupendezwa. Hata Mwanjaa alichungulia kutoka jikoni. Pigo la kwanza, vibanzi viliruka. La pili, kilichoruka ni chuma. Kikapaa, kikamvua mshenga kofia, kikaenda kuigongomea kwenye nguzo ya banda. Mhina akabaki na mpini mtupu mkononi, unang'aa kuliko siku zote.

Mshenga alijipapasa kichwa. "Nilitumwa kuposa," alisema taratibu. "Kufa sikutumwa."

Semkiwa hakucheka. "Uliiloweka?"

"Hapana, baba."

"Kwani kwenu hakuna maji?"

"Yapo, baba. Niliogopa yataharibu nta."

Kicheko kikapasuka jikoni. Mhina alijua ni cha nani, akatamani lile gogo limfunike.

"Makande bado hayajaiva," akasema Semkiwa. "Yakiiva kinu hakina tumbo, urudi kwenu."

Mhina akakimbilia nyuma ya jiko, akachomoa kuni ya mpera.

"Kijana, unanipunguzia moto," akateta mama yake Mwanjaa.

"Nisamehe, mama. Hata mimi naungua."

Akaitoboa ile kuni tundu, akakichomoa chuma nguzoni, akakipachika na kukibana kwa kabari. Mwanjaa akatoka na beseni la maji. "Mnyweshe huyo," akasema, "asije akatafuta kofia nyingine."

Mpini ulikuwa umepinda, una magamba, ukamchubua viganja vyote viwili. Lakini chuma kilishika. Makande yalipopakuliwa, tumbo la kinu lilikuwa limefunguka.

Semkiwa akaichukua ile tezo, akapiga mapigo mawili matatu, kisha akautazama mpini kwa karibu na kukunja uso.

"Una sura mbaya kweli," akasema. "Lakini mpini hausifiwi ukutani. Kaa ule, mkwe."

Aliyeusambaza msemo ni mshenga. Hakununua kofia nyingine. Kila nyumba aliyotumwa, mzazi akianza kumsifia mwanawe kwa urefu, kwa meno na kwa mwendo, yeye alimsikiliza hadi mwisho, akaivua kofia, akapitisha kidole kwenye lile tundu na kukichezesha mbele ya macho ya mzazi.

"Nimekuelewa, ndugu yangu," alimwambia. "Ila mpini hausifiwi ukutani."