Nyayo Mbili Kwenye Kihenge cha Bi Kanga

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni. Wewe unayetafuna, tafuna kimya. Na wewe unayecheka, ngoja, hatujafika. Nikisema "Ngano iko!" nyinyi semeni "Ilete tuione!"

Ngano iko!

Ilete tuione!

Hapo kale, mchwa alipokuwa bado anabisha hodi kabla ya kula mlango, palikuwa na Bi Kanga. Ng'ombe hakuwa naye, shamba la kujivunia hakuwa nalo. Alikuwa na mbegu ya mtama mwekundu aliyoachiwa na mama yake, mashuke yametundikwa juu ya meko, yanakula moshi. Mvua ikinyesha, ile ndiyo ya kupanda. Isipokuwepo ile, hakuna mwaka.

Akaja Bwana Kwale kuposa. Kifua mbele, sauti tamu, kikapu kimoja cha mtama mweupe.

Shangazi yake akamwambia Bi Kanga, "Muulize kama ana deni. Mwanamume huulizwa kabla hajashiba."

Siku ya posa akauliza, "Bwana, una deni?"

"Deni?" akasema Kwale.

Siku ya mahari akauliza, "Bwana, una deni?"

"La nani?" akasema Kwale.

Siku ya harusi akauliza, "Bwana, una deni?"

"La lini?" akasema Kwale.

Bi Kanga akasikia "sina" mara tatu. Kwale hakulisema hata mara moja.

Nchi ile, waliooana hujenga kihenge kimoja cha kuwekea nafaka. Hukandika mlango wake kwa udongo mbichi, kisha kila mmoja hukanyaga pale, unyayo wake ukaukie. Mwenye unyayo hufungua atakapo, hana haja ya kumwamsha mwenzake.

Shangazi akanong'ona, "Kanyaga, mwanangu. Lakini mbegu iache kwenye moshi."

Wakalima, wakapalilia, wakavuna, mweupe na mwekundu pamoja. Kwale akatazama juu ya meko. "Mke wangu, mbegu ile iliyobaki umemfichia nani?"

Bi Kanga akaona haya. Akaishusha mbegu, akaipura, akaimimina kihengeni.

Asubuhi moja akatokea Kenge, ulimi nje, ulimi ndani, pakacha begani, anaimba:

*Kwale, Kwale, nilikukopesha,*
*pombe ukapika, ngoma ukacheza,*
*mimi nyikani nangoja.*

"Hodi, shemeji."

"Karibu, shemeji."

"Unyayo huu wa nani?"

"Wa mume wangu."

"Na huu?"

"Wangu mimi."

"Wako siujui," akasema Kenge. "Wake naujua. Unatosha."

Akafungua, akajaza, akaenda. Kesho yake akaja, akajaza, akaenda. Kesho kutwa vilevile. Kwale siku zote tatu alikuwa majanini, alikumbuka kazi.

Bi Kanga akamfuata huko huko. "Baba we, pombe gani hiyo?"

"Ya zamani, kabla yako. Hata walioinywa wameisahau."

"Kenge hakuisahau."

"Kenge hakualikwa," akasema Kwale.

Mawingu yakaanza kukusanyika. Bi Kanga akakimbilia kwa Kakakuona, mwamuzi wa nchi ile, akamkuta amejikunja.

"Mzee, deni nimelikuta."

"Umelikuta."

"Pombe sikuinywa."

"Hukuinywa."

"Basi Kenge aache mtama wangu!"

Kakakuona akajikunjua kidogo. "Mlango ni mmoja, binti yangu. Anapopita mumeo, hupita na anayemdai mumeo. Una kitu mle ndani unachoweza kukionyesha kuwa ni chako?"

"Mwekundu ni wangu. Wa mama yangu."

"Uchambue. Utakaoutoa hauguswi. Utakaoubakiza, sitauuliza rangi."

Bi Kanga akarudi, akaumwaga mtama uani. Kenge akakaa jua lilipo, akasema, "Chambueni tu. Mimi damu yangu baridi, sina haraka." Bi Kanga akadonoa punje moja moja, nyekundu kibuyuni, nyeupe kule. Akamkokota na Kwale. Kwale akadonoa, lakini nyingine zilipotea kooni, akasema zimeteleza.

Ngurumo ikalia. Tone la kwanza likaanguka, na la pili. Mtama ulioloa haungoji, huoza. Bi Kanga akatazama kibuyu chake, hakijajaa. Akatazama uani, mwekundu wa mama yake bado umetapakaa. Akasimama.

"Kenge, chukua."

"Na mwekundu?"

"Na mwekundu."

Akaenda shambani akapanda alichonacho kibuyuni, mistari michache, mvua ikimpiga mgongoni. Ukaota. Mwaka ule walikula mara moja kwa siku, lakini walikula. Alipovuna akajenga kihenge cha pili, kidogo, akakikanyaga peke yake. Mume hakumfukuza, alimpikia, akampakulia, akafunga mlango wa kihenge chake.

Ngano yangu imetua mzigo, na mafunzo yake ni haya: ukiolewa na mtu, umeolewa na ngoma alizocheza; kuleni sahani moja, lakini mbegu iwe na mlango wake.

Na urithi ukagawanywa. Watoto waliofanana na baba walirithi majani, ndiyo maana kwale akisikia hatua tu, hayupo. Waliofanana na mama walirithi mtama mwekundu, na madoadoa meupe mwilini, punje moja moja. Kenge alirithi neno la Kakakuona, analishika mpaka leo: akikuta yai nyikani haulizi ni la kanga au la kwale, hulimeza, husema ni baki ya deni. Nami bibi yenu nimerithi koo kavu. Aliye karibu na mtungi asijifanye amelala.