Gari Lililomjua Mwenyewe

Isome taratibu hadi mwisho, kisha mpelekee yule utakayemfikiria wakati unasoma.

Katika kijiji kimoja cha milimani, kule ambako mvua zikianza barabara inageuka uji, aliishi bwana mmoja aitwaye Osmundi Kapinga na mkewe Dafrosa. Walilima kahawa, walifuga nguruwe, na walikuwa na gari.

Lilikuwa gari la zamani, la bati nene, la magurudumu yote manne kuvuta, lililoundwa kwa ajili ya pori na matope. Osmundi alilinunua likiwa limeshachoka, akalipa jina la Faru. Tangu hapo kila Jumamosi alikuwa chini yake, miguu tu ndiyo inaonekana. Ukipita ukamsalimu, unaitikiwa na miguu.

Dafrosa hakukasirika kwa sababu mumewe anatengeneza gari. Alikasirika kwa sababu miaka yote hiyo mumewe alikuwa chini ya gari, na gari halikupona hata ugonjwa mmoja.

Starta ilipokufa, Osmundi hakufunga nyingine. Alianza kuliegesha uani likitazama mteremko. Akitaka kuondoka analiachia liteleze mpaka liwake. Breki ya mkono ilipokufa, alitafuta jiwe la kuzuia gurudumu, na kazi ya jiwe akapewa mkewe. Hata siku ya kwenda kanisani, Dafrosa alikaa mbele na gauni lake la Jumapili, jiwe mapajani. Gari likisimama, yeye ndiye wa kwanza kuruka. Wenzake wa jumuiya wakimwona wanaambizana, "Mama Jiwe amefika."

"Baba Editha, hizi breki zitatuua," alimwambia mumewe siku moja.

"Zituue kwa nini? Unakanyaga mara tatu, zinashika. Shida yako huna subira."

"Na usukani?"

"Unavuta kushoto kidogo, gari linakwenda mbele. Kuna ubaya gani?"

"Na gia inayochomoka kwenye mteremko?"

"Si unaishika wewe?"

"Na mlango wako usiofunguka kwa ndani?"

"Sasa Mama Editha, dirisha waliliweka la nini?"

Dafrosa alirudi jikoni. Mtu anayekujibu hivyo utamwambia nini tena?

Mbele za watu Osmundi alijisifu. "Gari hili halifungwi kwa ufunguo," alisema, akilipiga kofi la ubavuni kama ng'ombe wa maziwa. "Mwizi aje alichukue, alifikishe wapi? Faru ananijua mimi tu." Watu walicheka, na walimwita fundi.

Lakini kilichomchosha Dafrosa kuliko vyote kilikuwa uvunguni mwa kitanda. Osmundi kila akiuza kahawa mjini alirudi na kisanduku cha kipuri. Starta mpya. Vipuri vya breki. Vya usukani. Kitasa cha mlango. "Nitakifunga kazi za shamba zikitulia," alisema, na kisanduku kikasukumwa uvunguni na karatasi yake. Kazi za shamba hazikutulia. Kila asubuhi Dafrosa alivizunguka visanduku hivyo na ufagio.

"Kwa nini huvifungi?" alimwuliza.

Osmundi alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Kwani gari haliendi?"

Sasa, Osmundi alikuwa na ngiri, uvimbe wa kinena. Aliipata zamani, na akaishi nayo vilevile alivyoishi na Faru: ikitokeza anairudisha kwa mkono, anajifunga kitambaa kiunoni, anaendelea na kazi. Mkewe alimwambia aende hospitali mpaka akachoka kusema.

Alasiri moja ya masika, Osmundi alikuwa ananyanyua gurudumu la akiba peke yake. Dafrosa akiwa jikoni alisikia kitu kikianguka, kisha akasikia mumewe analia. Hakuwahi kumsikia akilia. Alimkuta amejikunja kwenye tope, jasho linamtoka, uvimbe umekuwa mgumu kama ngumi na haurudi ndani.

Majirani walikuja mbio. Mwenye pikipiki alitazama barabara, akamtazama mgonjwa asiyeweza hata kunyoosha miguu, akatikisa kichwa. Hospitali ya misheni ilikuwa bondeni, ng'ambo ya mto. Kwa matope yale hapakuwa na cha kufika huko ila Faru. Na mtu wa kumwendesha Faru ndiye aliyekuwa amelala chini.

Wakamwita Hyera, jirani yao, dereva mstaafu wa malori. Alikuja na koti la mvua, akasaidia kumlaza Osmundi nyuma juu ya godoro, akakaa kwenye usukani, akazungusha ufunguo. Kimya.

"Shemeji," alimwambia Dafrosa, "starta iko wapi?"

"Starta ni huo mteremko."

"Na breki ya mkono?"

"Ni hili jiwe. Subiri nilitoe, halafu uliachie."

Alilitoa jiwe, akarukia ndani nalo. Gari liliteleza, likakohoa, likawaka. Walipotoka tu getini likaelekea moja kwa moja kwenye korongo la kulia.

"Linakwenda wapi hili?" Hyera alipiga kelele.

Osmundi aliinua kichwa kule nyuma. "Hyera... usishindane naye. Msikilize."

"Nimsikilize nani?"

"Faru! Msikilize... mikononi... unajua tu..."

"Mimi sijui!"

"Shemeji, nisikilize mimi," alisema Dafrosa. "Vuta kushoto. Zaidi. Hapohapo, usiachie. Kwenye kona kanyaga breki mara tatu. Ya kwanza haina kitu, ya pili inafikiria, ya tatu inashika."

Kona ilikuja. Hyera akakanyaga mara moja kwa mazoea ya magari ya watu wengine, gari likaendelea kama hakukanyaga. "Tena! Tena!" alipiga kelele Dafrosa. Ya tatu ilishika, gurudumu la nyuma likabaki likichungulia bonde.

Kwenye mteremko wa mwisho kuelekea mtoni gia ilianza kutetemeka. Dafrosa aliidaka kwa mikono miwili kabla haijachomoka, jiwe limemkaa tumboni. Kila tatizo alilokuwa amelilalamikia mezani, kitandani na njiani kutoka kanisani, alililalamikia tena, safari hii kwa mtu anayemsikiliza. Hivyo ndivyo walivyovuka daraja. Nyuma Osmundi alikuwa ameacha kuongea, na huo ukimya ulimtisha mkewe kuliko kilio.

Walipofika, wauguzi walimchukua mgonjwa mbiombio. Hyera hakutoka.

"Shemeji, nimefungiwa."

"Toa mkono dirishani, ufungue kwa nje."

Alitoka, akaegemea boneti, akajifuta uso. "Shemeji, nimeendesha malori mpaka Kongo. Sijawahi kuendesha gari lenye masharti kama ya mganga."

Osmundi alipasuliwa siku hiyohiyo. Alipozinduka, daktari alisimama kando ya kitanda.

"Mzee, mngechelewa kidogo tu utumbo ungeoza, na sisi hapa tungekuwa tunazungumza na mjane. Ngiri hii ni ya siku nyingi. Kwa nini hukuja?"

"Nilikuwa nimeizoea, daktari," alijibu Osmundi kwa sauti ndogo.

Dafrosa alitazama dari. Akatoka nje kabla hajasema neno la kumuumiza mgonjwa.

Nje alimkuta Hyera. "Shemeji," alisema Hyera, "mimi hili gari silirudishi kijijini hivi lilivyo. Nina rafiki yangu fundi hapa bondeni. Tatizo ni vipuri. Vya magari haya ya zamani siku hizi vinasumbua kupatikana."

"Vipuri?" Dafrosa alicheka, cheko lisilo na furaha. "Mwambie fundi wako apande juu matope yakikauka, na malori yanayochukua kahawa. Vipuri vipo uvunguni mwa kitanda changu."

Faru akalazwa palepale hospitalini, akakingwa gurudumu, mpaka visanduku vilipoletwa. Fundi alifungua karatasi moja baada ya nyingine, akashangaa. "Mama, hivi ni vipya kabisa. Huyu bwana alikuwa anangoja nini?"

"Kazi zitulie," alisema Dafrosa.

Osmundi alikaa hospitali muda mrefu, kidonda kikaingia usaha, ikabidi asubiri. Siku aliyoruhusiwa alipata lifti ya gari la paroko, akashushwa mlangoni kwake. Hakuingia ndani. Alisimama anatazama uani.

Faru alikuwa ameegeshwa mahali tambarare.

"Nani ameliweka hapo? Litawakaje? Na jiwe liko wapi?"

"Jiwe limepata kazi nyingine," alisema mkewe. "Linakandamiza mfuniko wa pipa la maji. Karibu ndani, Baba Editha, umetoka kuumwa."

"Nani ameendesha gari langu?"

"Hyera ameendesha. Mkewe ameendesha. Katekista aliendesha juzi kuchukua mahindi."

Osmundi aliona hilo haliwezekani. Majirani waliokuja kumpa pole walikuwa wameshajaa uani, na mtu mzima hawezi kuaibishwa na gari lake mbele za watu. Alifungua mlango, akapanda polepole akishika tumbo.

"Usiguse hilo gari," alisema Dafrosa. "Limetengenezwa."

"Utanifundisha gari langu?"

Alizungusha ufunguo, na Faru akawaka palepale. Osmundi alishtuka, kwa kuwa alikuwa bado anasikilizia liteleze. Akatia gia, akaiwekea goti ili isichomoke. Akavuta usukani kushoto kidogo, kama ilivyokuwa desturi yake, ili gari liende mbele.

Gari lilikwenda kushoto.

Akavuta kushoto zaidi, kwa sababu kwake kushoto ndiyo ilikuwa dawa. Gari likamtii. Watu waliruka huku na huku. Akakanyaga breki ya kwanza, ile isiyo na kitu, kwa nguvu zake zote. Breki ilishika hapohapo, paji la uso likagonga kioo. Mguu nao, uliozoea, ukaachia ili ukanyage ya pili, na gari likajisogeza tena, likabomoa ukuta wa banda la nguruwe, likazimika.

Nguruwe walitoka, wakamtazama, wakaelekea shambani.

Osmundi, uso umemwiva, alitoa mkono dirishani afungue mlango kwa nje. Aliupapasa, akauvuta, akausukuma. Mwishowe Hyera alimwonea huruma. "Bwana Kapinga, unafunguka kwa ndani siku hizi."

Uani hapakuwa na aliyecheka kwa sauti. Walikuwa wanacheka kwa mabega.

Dafrosa alimshika mumewe mkono, akamshusha, akamkalisha kwenye kigoda. Kisha alikunja khanga, akapanda yeye kwenye usukani, akawasha, akarudisha nyuma taratibu mpaka gari likatoka kwenye vifusi, akaliegesha palepale tambarare lilipokuwa. Hyera alikuwa amemfundisha wakati wa kupeleka chakula hospitali. Aliteremka akafunga mlango kwa kidole.

Osmundi aliangalia gari, akaangalia banda, akamwangalia mkewe. Kijiji kizima sasa kiliweza kumwendesha Faru. Aliyeshindwa alikuwa mwenyewe.

"Mama Editha," alisema, "miaka yote ile mimi nilikuwa natengeneza nini?"

"Ulikuwa unajipinda wewe, ufanane nalo," alisema Dafrosa. "Na mimi ukanipa jiwe."

Akaenda zake shambani kutafuta nguruwe.

Funzo: Ubovu uliouzoea usiuite ufundi. Ukiona kitu cha nyumbani kinaendeshwa na mtu mmoja tu, ujue hakijatengenezwa. Aliyepindishwa ni yule mtu, na siku akianguka yeye, wote mnaomtegemea mtakuwa mmekwama uani.