Fungu la Mgeni

Hapo zamani, si zamani ile ya sungura na fisi, ila zamani ya karibu ambayo waliokuwepo bado wanaikumbuka mvua yake, palikuwa na mtoto mchanga wa kike juu ya mlima wa Kwemvumo. Kila mtu alimpakata, na hakuna aliyejua amwiteje.

Si kwamba majina yalikosekana. Majina yalizidi.

Desturi ya Kwemvumo ni hii: mama akinusurika katika uzazi, mtoto hupewa jina la mtu aliyemnusuru mama yake. Awe mwanamume, awe mwanamke, awe mwenyeji, awe mtu wa kuja. Mtu huyo huwa somo wa mtoto. Somo haingii nyumba ile kwa kubisha hodi. Somo ndiye humshika mtoto mkono siku ya kwanza ya shule, na siku ya harusi hasahauliki hata akiwa ng'ambo. Jina ni moja, somo ni mmoja, wala jambo hilo haligawanywi.

Sasa mama wa mtoto huyu, Rahabu, alinusuriwa na watu watatu. Wa kwanza aliitwa Mzee Mbonea. Wa pili aliitwa Mwalimu Hoza. Wa tatu aliitwa Atupele, na huyo ndiye tutakayefuatana naye, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na wasiwasi kuliko wote.

Atupele alitoka mbali, kwao Tukuyu, akaja Kwemvumo kumsaidia Mzee Mbonea kutunza kompyuta za hospitali. Alikuwa ameizoea baridi ya pale na amejifunza salamu za pale. Lakini hapakuwa na mlango hata mmoja mlimani ambao angeweza kuusukuma bila kubisha. Kwa hiyo jina lile alilitaka. Hakumwambia mtu, lakini alilitaka.

Tuanze na kompyuta, maana bila kuielewa hatutauelewa ugomvi.

Hospitali ilikuwa na seva moja, yaani kompyuta kubwa inayozitumikia nyingine. Ilifungiwa chumba chake chenye feni. Ndani ya ile moja, Mzee Mbonea alitengeneza seva nne za kufikirika. Kila moja ilijiona iko peke yake duniani, kama mpangaji wa nyumba yenye kuta nene. Moja ilikuwa ya damu: hiyo ilijua kila mfuko uliokuwa kwenye friji ni wa kundi gani na umepimwa nini. Nyingine ilikuwa ya kadi za wagonjwa. Nyingine ilikuwa ya mitihani ya chuo cha uuguzi, ambacho kilikuwa ng'ambo ya ua. Na moja haikuwa na kazi. Hiyo tutaifikia.

Zote zilikula memori, yaani nafasi ya kufanyia kazi, kutoka sinia moja. Mgawaji alikuwa mtu aliyekaa mbele ya ukurasa wa usimamizi, ule unaoonyesha kwenye skrini nani amepewa kiasi gani. Pale mtu huandika: huyu apate kiasi hiki, asivuke hapa. Yule apate kiasi kile, na mwingine asikiguse. Ukiandika vizuri, nyumba ina amani. Ukiandika vibaya, mmoja anavimbiwa na mwenzake analia njaa. Sinia ni moja, walaji ni wengi.

Ile seva isiyo na kazi Mzee Mbonea aliiita Mgeni. Wafadhili walikuwa wameahidi mashine ya eksirei yenye kutuma picha kwenye kompyuta, nayo haikuwa imefika. Lakini kule Kwemvumo, katika kila nyumba, kabla watu hawajala, mama hupakua bakuli moja, hulifunika na kuliweka pembeni. Hilo ni fungu la mgeni. Mgeni asipokuja, haliguswi hadi asubuhi, hata watoto walambe vidole. Mzee Mbonea alilelewa na bakuli hilo. Basi naye alipogawa memori, alimtengea mgeni wake fungu, akaandika lisiguswe, akaiwasha seva ile tupu ili fungu lishikiliwe. Ikakaa hivyo, imewaka, haina kitu ndani, mwezi baada ya mwezi. Na seva ya damu ikawa inabanwa.

"Mzee, damu inahema," Atupele alisema siku moja.

"Inahema, haijafa."

"Si tuiongezee kutoka kwa Mgeni? Mgeni mwenyewe hajulikani atakuja lini."

"Mgeni anayejulikana atakuja lini si mgeni, binti. Huyo ni mkaguzi." Mzee Mbonea akacheka mpaka miwani ikamshuka. Kisha akasema kwa upole, "Nimemwahidi daktari wa mifupa. Siku mashine yake ikifika ikakosa nafasi, uso wangu nitauficha wapi? Chungu cha mgeni hakikombwi."

Atupele alikuwa na nywila sawa na ya Mzee Mbonea. Angeweza kufungua ukurasa ule na kubadilisha mwenyewe. Lakini alivyolelewa, mtu hamnyang'anyi mkubwa kijiko mkononi. Akanyamaza. Tukumbuke kunyamaza huko, maana kutaulizwa.

Ikafika siku ya mvua. Mzee Mbonea alikuwa amekwenda kuzika kwa wakwe zake, na makaburini simu huzimwa. Asubuhi hiyo vijana wa shule walikuja kwa wingi kuchangia damu. Kila mmoja aliandikishwa, kila mmoja aliingizwa kwenye seva ya damu, nayo ikahema, ikahema, ikasimama.

Mchana Rahabu akajifungua. Mtoto alilia vizuri. Lakini damu ya mama haikukatika. Daktari akaagiza damu upesi, muuguzi akakimbia maabara, akamkuta dada wa maabara anatazama skrini yenye kiduara kinachozunguka.

"Fungua friji basi!" muuguzi akamwambia.

"Friji limejaa! Mifuko ina namba tu, majibu yake yamo humu. Nikibahatisha, nitamuua kwa mikono yangu hii."

Wakamwita Atupele. Akafungua ukurasa wa usimamizi. Akaiambia seva ya damu ianze upya, na ipewe memori zaidi. Ukurasa ukajibu: memori haitoshi.

Akatazama fungu la mgeni. Akaipigia simu ya Mzee Mbonea: imezimwa. Akapiga tena: imezimwa. Akageuka kutazama mlango, kama mtoto anayefunua bakuli la watu. Akaizima seva ya Mgeni, akafuta lile neno la kukataza, akalitoa fungu lote akaipa damu. Ukurasa ukajibu: memori haitoshi.

Basi zikabaki mbili. Ya kadi haikuweza kuzimwa, kwa kuwa wagonjwa wote wa siku ile walitegemea dawa zilizoandikwa humo. Atupele akatoka mbio kwenye mvua, akavuka ua hadi chuoni.

Mwalimu Hoza alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha mtihani. Ndani, wanafunzi wameinamia kompyuta, kimya kabisa.

"Mwalimu, naomba kuizima seva yenu."

"Wakimaliza, karibu."

"Sasa hivi, Mwalimu. Na majibu yao yatapotea. Mfumo wenu huyatunza pale tu mtihani unapofungwa."

"Atupele, hawa wako maswali ya mwisho. Unajua wamesoma vipi?"

"Rahabu wa kwa Bibi Nangasu anatoka damu."

Mwalimu Hoza aliwatazama wanafunzi wake. Rahabu hakuwa ndugu yake, wala jirani yake. Wale vijana alikuwa amewafundisha tangu walipokuwa hawajui kushika kipimajoto. Hakuwauliza. Alisema neno moja.

"Zima."

Skrini zikazimika zote kwa pamoja, na chumba kikapiga ukelele. Atupele hakungoja kuusikia wote. Alirudi, akaliunganisha fungu la mgeni na fungu la mitihani, akaipa damu yote mawili. Safari hii ukurasa ulikubali. La mgeni peke yake lisingetosha. La mitihani peke yake lisingetosha. Seva ya damu ikaamka, dada wa maabara akaipata mifuko iliyomfaa Rahabu, na Rahabu akapona.

Ndipo ikaja siku ya kumtoa mtoto nje na kumpa jina. Watu walijaa uani kwa Bibi Nangasu, mama yake Rahabu. Watatu wale wakakalishwa mbele kwenye benchi moja, wakawa wanasukumiana heshima.

"Mimi sikufanya kitu," akaanza Mzee Mbonea.

"Wala mimi," akasema Mwalimu Hoza.

"Adabu iacheni mlangoni na viatu!" Bibi Nangasu akawakatiza. "Nikisikia unyenyekevu hapa leo nitakasirika. Kila mtu aseme lake. Na jina likiwa la kiume msijali, tutalivisha kanga."

Watu wakacheka. Mzee Mbonea akasimama.

"Haya. Siku ile nilikuwa makaburini, jasho lenu silijui. Lakini mtu hachukui kitu mahali pasipowekwa kitu. Tangu zamani niliambiwa tugawe, tugawe. Ningesikiliza, fungu lile lingeliwa, lingezoeleka, na siku ya mvua mngekwangua sinia tupu. Nilimwekea mgeni nisiyemjua. Kumbe mgeni alikuwa Rahabu."

Wazee wakaguna kwa kukubali. Lakini dada wa maabara akainuka.

"Shikamoo, Mzee, lakini usinichekeshe. Umemnyima mtoto chakula ili uweke akiba. Mtoto amezimia kwa njaa, amelishwa ile akiba, na sasa unataka ushukuriwe? Damu ingepata fungu lake mapema, isingesimama kabisa."

"Marahaba. Ingelipata, ingelila, ingenenepa, na siku kubwa ingelia vile vile. Mashine hizi nayajua matumbo yake."

Wakamtazama Atupele awaamue. Swali hilo alikuwa amelala nalo na kuamka nalo. Huenda dada wa maabara alisema kweli. Huenda Mzee Mbonea alisema kweli.

Akasimama Mwalimu Hoza.

"Mimi sikugusa kitufe. Nilisema neno moja tu. Lakini fikirini: fungu la mgeni lilikuwa halina kazi, halikumuuma mtu kulitoa. La kwangu lilitolewa kinywani, watu wanatafuna. Hiyo ndiyo gharama ya Rahabu, na mimi ndiye niliyekubali ilipwe."

Sauti ikatoka nyuma. Alikuwa mwanafunzi wake, Mwajabu.

"Shikamoo, Mwalimu. Sadaka uliitoa wewe, lakini mbuzi alikuwa wetu. Tulirudia mtihani, na mimi wa pili ulinishinda. Mpaka leo sijavaa sare ya wauguzi."

Bibi Nangasu akamuuliza taratibu, "Mjukuu wangu, kama angekuuliza siku ile, ungekubali?"

Mwajabu akafikiri kwa haki. "Wengi wetu wangekubali, Bibi."

"Na wewe?"

"Sijui, Bibi. Ningependa kusema ndiyo."

Mwalimu Hoza akakaa.

Akabaki Atupele. Akasimama, kanga mabegani, sauti ndogo.

"Mimi nilivunja ahadi ya mtu mwingine. Nilikimbia, niliomba, nilibonyeza. Rahabu asingepona, wa kulaumiwa angekuwa mimi, si wao. Mzee angesema, nani alikutuma? Mwalimu angesema, nilikuamini. Basi kama aibu ingekuwa yangu peke yangu..." Akaishia hapo.

"Sema, binti, malizia," Mzee Mbonea akamhimiza. Aliposhindwa kumalizia, Mzee akamuuliza, bila ukali, "Nywila ulikuwa nayo tangu lini?"

"Tangu nilipofika."

"Na damu uliiona inabanwa?"

"Niliiona."

"Sasa ulikuwa unangoja nini? Mimi nife?"

Watu wakacheka, lakini Atupele hakucheka. "Nilikuwa nakuheshimu, Mzee."

"Heshima hiyo," akasema dada wa maabara, "nusura imzike Rahabu."

Hapo Rahabu mwenyewe akatoka ndani na mtoto. Bado alikuwa mwembamba, akitembea kwa kushika ukuta. Akampa mama yake mtoto, akaketi kwenye mkeka, akasema, "Mimi nilikuwa nimezimia. Sikumwona yeyote kati yenu. Msiniulize."

Bibi Nangasu akamsogeza mtoto hadi mbele ya Atupele.

"Mwanangu," akasema, "mimi mashine sizijui. Wewe ulikuwa chumbani. Wewe ndiye uliyeona kwa macho kila fungu lilitoka wapi na lilifanya nini. Ninamwamini aliyeona. Nitajie jina moja, mimi nitalitamka sikioni mwa mtoto, na hakuna atakayelipinga. Na ukitaja lako, usione haya. Si dhambi mtu kujitaja kwa haki."

Atupele akamtazama Mzee Mbonea, aliyetenga bila kujua anamtengea nani, na pengine kutenga kwake ndiko kulikoleta njaa. Akamtazama Mwalimu Hoza, aliyetoa kwa moyo mweupe kitu ambacho si chake chote. Nyuma yake akamwona Mwajabu, ambaye hakuulizwa na bado alilipa. Akajitazama mwenyewe, aliyethubutu siku ile, lakini baada ya siku nyingi za kuona na kunyamaza. Akautazama na mlango wa nyumba ile, uliokuwa wazi.

Akajua kwamba akitaja jina lake, ataingia mlango ule maisha yake yote, na pengine kila akiingia atajiuliza. Akajua kwamba akitaja la mwingine, atabaki akibisha hodi.

Bibi ameinamisha kichwa sikioni mwa mtoto, anangoja neno moja tu.

Nanyi mliosikiliza mmeona yote aliyoyaona Atupele, na hakuna aliyewanyima neno. Basi msimwachie mzigo huu peke yake. Je, nani alistahili? Mtoto yule aitwe nani?