Mtamba wa Ofisi ya Hali ya Hewa

Hapo zamani, kompyuta hazijaanza kutuchorea mvua, palikuwa na ofisi ya hali ya hewa katika mji wa wavuna chumvi. Sogeeni, kisa chenyewe kitamu.

Mchora ramani alikuwa Zuwena. Kila asubuhi vituo vya pwani na meli za baharini vilimtajia kwa simu ya upepo, ile isiyo na waya, namba zao za uzito wa hewa. Aliziandika kwenye ramani, kisha akaziunganisha zilizolingana kwa mstari wa penseli. Mistari ikinyooka vizuri, aliimba. Na namba moja ikimharibia? Aliifuta! Kwake yeye, namba pweke ilikuwa ya mtu aliyesinzia.

Asubuhi moja Faki, mpimaji wa kituo cha kisiwani, alitaja namba ya chini mno. Zuwena akacheka, akafuta. Punde simu ikalia.

"Dada Zuwena, umenifuta?"

"Nimekufuta, kaka Faki. Wenzako wote wako juu, wewe umeshukia wapi?"

"Nakujua wewe na raba yako! Nimepima tena, namba ni ileile. Nirudishe!"

Akamrudisha, shingo upande. Mstari ukajipinda, ukawa duara, na hewa ikipungua uzito hivyo ndipo mvua hukaa. Hapo akakumbuka kitu, akaitoa ramani ya jana. Palikuwa na alama ya raba: meli moja ilitaja namba kama hiyo, naye akaifuta. Jana kule mbali, leo kisiwani. Akapitisha penseli kutoka alama hiyo hadi duara la leo, akaendelea mbele, na mstari ukaja moja kwa moja mjini. Na chumvi ya msimu mzima ilikuwa ikianikwa wazi majarubani, na mvua ikinyesha inarudi kuwa maji.

Akampelekea ramani mkuu wake, Bwana Mbelwa. Maskini Bwana Mbelwa! Alishawahi kutangaza mvua likawaka jua, na wakubwa wakamwonya kwamba akikosea tena atafukuzwa. Akachungulia dirishani: mbingu nyeupe, hata wingu la kusingiziwa hakuna. Hata hivyo akaenda redioni. "Kusanyeni chumvi!"

Watu walimcheka huku wakikusanya. Gunia la mwisho lilipoingia ghalani, mvua ikamwagika, na mji mzima ukaicheza.

Bi Kidawa, mkubwa wa wavuna chumvi, akaleta ofisini mtamba mnono wa ng'ombe, zawadi ya kuokoa chumvi. "Tunaye huyu tu. Hachinjwi wala hagawanywi. Nani mwenyewe?"

"Mimi," akasema Faki, aliyekuja kwa mashua kutoka kisiwani. "Bila namba yangu mngechora nini? Na ningenyamaza nilipofutwa, leo mngekuwa mnakunywa chumvi yenu."

"Mimi," akasema Bwana Mbelwa. "Ninyi mngekosea mngesema samahani. Mimi ningefunga virago."

Zuwena akamtazama mtamba. Alimtaka kwelikweli, watoto wake walikuwa wamechoka na chai ya rangi. "Nilifuta, sikatai," akasema. "Lakini namba ya Faki ilisema hewa imeshuka tu. Kwamba mvua inakuja kwetu, nani aliona? Na ile alama ya jana ningeificha, nani angejua?"

Bi Kidawa akainua kamba ya mtamba, akaiangalia mikono mitatu iliyonyooshwa, akaduwaa mpaka leo.

Haya, nyinyi mliokaa kimya kama si wenyeji wa mji huu: kamba ingekuwa mkononi mwenu, mngempa nani?