Bati Lililoziba Jabali

"Mgeni kafuata jabali, usimwonyeshe bati." Jana harusini mlimsikia Bi Nambua akimtupia maneno hayo mshereheshaji, aliyekuwa akijisifu nusu saa nzima huku bibi harusi amesimama mlangoni. Ukumbi wote ulicheka, nanyi mkacheka kwa kufuata mkumbo. Leo mnaniuliza methali hiyo imetoka wapi. Mmemuuliza mtu hasa! Haikutoka kwa wahenga. Ilizaliwa hapa hapa Mvungwe, machoni pangu, na ukaidi ulioizaa ulikuwa wangu.

Mambo yalikuwa hivi.

Jabali la Ikweri mnalijua. Ukitoka msitu wa juu, njia inapinda mara moja na miguu inasimama yenyewe. Mbele yako jiwe jeusi limesimama wima, maporomoko yananing'inia ubavuni mwake kama uzi mweupe, na chini kabisa nyika imetandazwa mpaka macho yachoke. Sisi tulizaliwa tukiliona, kwa hiyo tulikuwa hatulioni tena. Wageni ndio walioanza kupanda kwa miguu kuja kulitazama.

Mwaka mmoja wilaya ikatuletea barua. Kijiji cha mlimani kitakachojenga nyumba nzuri ya kupokelea wageni kitachongewa barabara. Barabara! Siku zile wajawazito tulikuwa tukiwashusha kwa machela, saa nne za mteremko. Shangazi yenu mkubwa alizaliwa njiani, juu ya machela hayo, mvua ikinyesha. Bibi yenu hakutaka hata kusikia habari ya mimba nyingine.

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi nilikuwa mimi. Nilikuwa nimemaliza darasa la jioni la watu wazima, cheti changu kiko ukutani, na nilidhani najua maendeleo yanafananaje. Kwangu yalifanana na bati.

Nakiete, binti wa kaka yangu, alikuwa amerudi kutoka chuo cha ufundi. Akaja kwenye mkutano na mchoro mkubwa, akautandaza mezani.

"Baba mdogo, nyumba ikae hapa, chini ya kona ya njia," alisema. "Kuta ziwe za mawe, kama za matuta yetu ya mashamba. Juu tufunike udongo na nyasi. Mgeni hataiona mpaka aingie, na akiingia, jabali lote liko dirishani."

"Yaani mgeni wa wilaya tumpokee shimoni?" nikamwuliza. "Mwanangu, sisi ni nungunungu?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja akadakia, "Juzi tu tumetoka kwenye paa la nyasi, leo msomi wetu anaturudisha!"

"Wewe ungeiweka wapi, baba mdogo?"

"Pale pale njia inapopinda! Bati jekundu, lionekane mpaka barabara kuu kule nyikani."

"Lakini pale ndipo mtu anaposimama."

Sikumsikia. Akakunja mchoro wake taratibu. "Basi nitabeba mawe," akasema. Na kweli alibeba.

Kazi ya pamoja kwetu huitwa msaragambo. Pembe ikilia, hakuna anayebaki nyumbani, na kazi ikishaanza, hakuna anayeuliza swali. Hiyo ndiyo nguvu yetu, na safari ile ikawa ndiyo maradhi yetu. Kwa siku kumi na nane nyumba ikasimama. Baraza pana, nguzo sita, bati linawaka kama pilipili! Choo tukakiweka nyuma, upande wa korongo, kwa sababu kwetu Wapare ni aibu kumwekea mgeni choo mbele.

Siku ya ukaguzi akaja Bwana Ngahyoma, afisa wa wilaya, pamoja na wageni saba. Ilikuwa saa sita mchana. Walipotokeza kwenye kona, bati likawapiga machoni, wakajikinga kwa viganja. Nikaanza hotuba yangu. Nilikuwa nimeiandika kurasa nne.

Bwana Ngahyoma alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Ahsante, Mwenyekiti. Na jabali liko wapi?"

"Lipo, lipo, nyuma ya nyumba. Kwanza tazameni nguzo."

Mama mmoja katika wageni akaomba kuonyeshwa choo. Akaenda, hakurudi. Wa pili akamfuata, naye hakurudi. Wa tatu, wa nne, hadi afisa mwenyewe! Nikabaki barazani na viti vyangu, nikidhani chakula cha njiani kimewadhuru. Nikazunguka nyuma kwa hofu.

Niliwakuta wote wameketi nyasini, migongo wameiegemeza kwenye ukuta wa choo, wanalitazama jabali vinywa wazi.

"Jamani, viti viko barazani!"

"Tuache hapa hapa, mzee," yule mama akajibu bila kugeuka.

Ndipo Nambua akatokea na birika la chai, wakati huo msichana mwenye ulimi kama wembe. Akatazama wageni, akanitazama mimi, akapaza sauti: "Mwenyekiti! Mgeni kafuata jabali, wewe unamwonyesha bati!"

Kijiji kizima kiliangua kicheko. Hata afisa alicheka. Mimi masikio yalinichoma.

"Nyumba yenu ni imara," Bwana Ngahyoma akaniambia pembeni, "lakini kwa leo kilichopokea wageni ni choo. Baada ya miezi mitatu nitakagua kijiji jirani. Mkijirekebisha, nitapita kwenu kwanza."

Nikamtafuta Nakiete. Yeye peke yake hakuwa amecheka. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka kwa mawe ya nyumba aliyoikataa.

"Mwanangu, ule mchoro..."

"Uko nyumbani, baba mdogo. Sikuuchoma."

"Kaulete."

Asubuhi pembe niliipiga mwenyewe, na bati la kwanza nikaling'oa mwenyewe. Yale mabati yakaenda shuleni, kwenye madarasa mliyosomea. Kisha tukabomoa kuta, tukaanza upya. Nikabeba mawe chini ya amri ya binti wa kaka yangu! Kila jioni alipanda mpaka kwenye kona, akatazama chini, akapiga kelele: "Bado naiona!" Tunashusha ukuta. "Bado naiona!" Tunaongeza udongo, tunapandikiza nyasi. Mpaka jioni moja akapanda, akatazama, akanyamaza. Ah! Tulirusha majembe juu kwa furaha!

Miezi mitatu ilipotimia, Bwana Ngahyoma akarudi. Alifika kwenye kona, miguu ikasimama yenyewe. Akateremka hatua chache nyasini, macho yako jabalini, nami, kwa mara ya kwanza maishani, sikuwa na hotuba. Hatimaye akageuka.

"Mwenyekiti, jabali nimeliona. Nyumba iko wapi?"

"Umesimama juu ya paa lake, bwana."

Akatazama nyasi chini ya viatu vyake, akainua mguu mmoja kama mtu aliyekanyaga mkeka wa watu, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Nakiete akamshika mkono, akamteremsha kwa ngazi za mawe.

Greda la kuchonga barabara lilipanda kabla ya masika. Mwaka uliofuata baba yenu alizaliwa hospitali, kitandani, na bibi yenu alikwenda huko amekaa kwenye gari kama malkia.

Basi jana Nambua hakumtukana yule mshereheshaji. Alimfanyia hisani aliyonifanyia mimi zamani. Bibi harusi alikuwa amesimama mlangoni, na wageni walikuwa wamekuja kwa ajili yake. Mgeni kafuata jabali, usimwonyeshe bati.